Kuacha Nyama: Kutoka Mwiko wa Katazo hadi Mwiko wa Jikoni

Utangulizi

Neno mwiko lina maana mbili zinazofahamika vyema na kila mwanafunzi wa semantiki: ni chombo cha kusongea ugali, na pia ni jambo ambalo mtu amekatazwa kulitenda au kulila. Makala haya yanatumia maana hizo mbili kufafanua uamuzi wa mwanafunzi kuacha nyama na kuishi kwa vyakula vya mimea. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu ya dini, kama ilivyo kwa Wajaini, Wahindu wengi na baadhi ya Wasabato. Wengine huongozwa na huruma kwa wanyama, na wengine hujali afya au mazingira. Iwayo yote sababu yao, wengi huanza na mwiko wa katazo: huorodhesha visivyoliwa. Hoja yetu ni kwamba badiliko hili hufaulu pale mtu anapoanza na mwiko wa jikoni, yaani anapojua kwanza atakachokipika mahali pa kile anachokiacha.

Kukosa si kuacha

Nchini Kenya watu wengi hupitisha siku kadhaa bila nyama, si kwa hiari bali kwa uhaba. Jina sukuma wiki lenyewe ni ushahidi: ni mboga ya kuisukuma wiki hadi fedha zipatikane. Kwa hiyo, anayetangaza kwamba ameacha nyama hushukiwa kuwa ameishiwa tu.

Tofauti baina ya hali hizi mbili inaonekana kwenye sahani. Aliyekosa nyama hubaki na ugali na sukuma wiki. Kilichoondoka hakikupata mrithi. Aliyeacha nyama kwa mpango huweka maharagwe, ndengu, kunde, mbaazi, dengu au njugu pale nyama ilipokuwa. Yule wa kwanza akidhoofika, watu husema mboga zimemdhoofisha, ilhali kilichomdhoofisha ni pengo. Bahati njema ni kwamba kilo ya maharagwe aghalabu ni nafuu kuliko kilo ya nyama, hivyo mpango huu haumshindi mwanafunzi mwenye mfuko mwembamba.

Utata wa msamiati

Mwanafunzi wa Kiswahili atagundua upesi kwamba lugha yenyewe inaweza kumponza. Kwa wazungumzaji wengi wa Tanzania Bara, mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali, hata kikiwa samaki. Kwa Wakenya wengi nako, nyama humaanisha hasa ng'ombe au mbuzi, kiasi kwamba ukisema "sili nyama" utaambiwa, "Basi kuna kuku." Isitoshe, maharagwe ya kibandani huenda yakawa yametiwa supu ya mifupa. Kauli salama ni ile inayotaja kila kitu: "Sili nyama ya aina yoyote, wala kuku, wala samaki, wala supu yao."

Tatizo la istilahi si letu pekee. Mnamo 1944, Donald Watson na wenzake nchini Uingereza walilazimika kubuni neno jipya, kwa kuwa neno lililokuwapo liliwajumuisha pia wanywaji wa maziwa na walaji wa mayai. Sisi tunapendekeza mlamboga kwa yule anayeacha nyama na samaki lakini huenda akatumia maziwa na mayai, na mlamimea kwa yule anayeacha kila kitokacho kwa mnyama, ikiwemo samli na asali. Tofauti hii ina uzito, maana mlamimea wa Kenya hukutana na mtihani wake asubuhi na mapema, katika kikombe cha chai ya maziwa.

Hazina iliyopo jikoni mwetu

Aghalabu hudhaniwa kwamba mlo wa mimea ni jambo la kigeni linalohitaji vyakula vya bei ghali. Dhana hii haina mashiko. Githeri, muthokoi uliochanganywa na maharagwe, mbaazi za nazi kwa mahamri, chapati kwa ndengu, na mchicha wa nazi ni vyakula tulivyovizoea. Mwaka wa 2021, juhudi za Kenya za kukuza na kuhifadhi vyakula vya kiasili ziliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi wa turathi.

Mfano wa kutajika ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Utotoni alidhuriwa na protini za wanyama, akalazimika kutegemea mboga. Baadaye alijitosa katika utafiti wa mboga za kiasili kama vile managu, saga, mrenda na kunde, wakati ambapo wengi walizidharau kuwa magugu au chakula cha maskini. Kwake mwiko wa katazo ulizaa mwiko wa jikoni, na hatimaye taaluma.

Mambo ya kuzingatia katika lishe

Kwanza, protini. Nafaka zina upungufu wa asidi-amino iitwayo lisini, ambayo jamii ya kunde inayo kwa wingi. Jamii ya kunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo nafaka huifidia. Ndiyo maana githeri ni mlo wa busara. Si lazima viwili hivi viliwe kwa pamoja. Yatosha viliwe katika siku moja.

Pili, madini ya chuma. Chuma cha mimea hufyonzwa na mwili kwa taabu kuliko cha nyama. Vitamini C huusaidia ufyonzaji huo, kwa hivyo kachumbari iliyokamuliwa ndimu, au chungwa baada ya mlo, si pambo tu. Chai hufanya kinyume, maana tanini zake huzuia chuma. Heri inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula. Kuloweka maharagwe, kuotesha ndengu na kuchachusha uji hupunguza fitati, ambazo nazo huzuia madini.

Tatu, kalsiamu. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri, ilhali ile ya mchicha hushikwa na oksalati. Mboga zibadilishwe, isiwe moja kila siku.

Nne, na hili halina mjadala, vitamini B12. Hutengenezwa na bakteria, na mimea si chanzo cha kuaminika. Mlamimea hana budi kumeza tembe zake au kutumia vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Hatari yake ni kwamba ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, hivyo mtu hujiona mzima huku akiba ikipungua. Dalili zijapo, yaani uchovu, upungufu wa damu, ganzi ya mikono na miguu au usahaulifu, huenda neva zikawa zimekwisha kudhurika. Wajawazito, wanaonyonyesha na wazazi wa watoto wachanga wamwone mtaalamu wa lishe kabla ya kubadilisha chochote.

Hatua za mpito

Haba na haba hujaza kibaba. Katika juma la kwanza, mtu asiondoe kitu. Aongeze mlo mmoja wa jamii ya kunde kila siku. Katika majuma yafuatayo aondoe aina moja ya nyama kwa wakati. Ni vyema kuanza na soseji na nyama nyinginezo zilizosindikwa, ambazo mwaka wa 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulizitaja kuwa kisababishi cha saratani. Maziwa na mayai, kwa anayenuia kuyaacha, yawe ya mwisho, na tembe za B12 zitangulie.

Mtihani wa nyumbani

Mtihani mgumu zaidi uko mezani kwa wazazi. Katika jamii zetu nyingi, mwana arejeapo kutoka chuoni huchinjiwa kuku, na kuku huyo ni kauli ya upendo. Kumkataa mbele ya watu ni kuikataa kauli hiyo. Aarifu mapema, kabla kisu hakijanolewa, na kwa adabu: "Mama, nashukuru sana. Safari hii naomba unipikie kunde zako." Aingie jikoni mwenyewe asaidie kupika, wala asihubiri. Akumbuke pia kwamba mfugaji wa Turkana au Marsabit huishi kwa maziwa na nyama kwa sababu ardhi yake kame haimpi mavuno ya kutegemewa. Uamuzi wa mmoja usigeuzwe hukumu kwa wengine.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuacha nyama ni kazi ya kupanga kuliko ya kujinyima. Jamii ya kunde, mboga za kiasili, matunda na, kwa mlamimea, tembe za B12 ndizo nguzo zake. Wataalamu wa lishe na wanaisimu wana kazi ya pamoja ya kusanifisha istilahi za uwanja huu, ili mwanafunzi anayeagiza chakula asieleweke visivyo, na anayeshauriwa na daktari aelewe anachoshauriwa.