Kula "Humble Pie" Ni Kula Nini?

Mwenzetu mmoja alimgombeza binti yake wa darasa la sita kwa sababu ya noti ya shilingi elfu tano iliyopotea. Mtoto alikana, akalia, akalala bila kula. Asubuhi, mama alipoikung'uta kanga ya jana, noti ikaanguka kutoka kwenye pindo. Mume wake akacheka: "Leo, mama watoto, utakula humble pie!" Ndipo akatuuliza: ni chakula gani hicho?

Akina mama wapendwa, hapo zamani kilikuwa chakula kweli. Waingereza walikuwa na neno "umbles", maana yake moyo, maini, figo na matumbo ya kulungu. Vitu hivyo vilikatwakatwa, vikafunikwa kwa unga uliokandwa, vikaokwa. Ikawa pai ya umbles.

Mara nyingi huelezwa kwamba hiyo ilikuwa pai ya watumishi, huku mabwana wakila mapaja. Sisi hatuna haraka ya kukubali. Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini mjini London, aliandika katika shajara yake ya Julai 1663 kwamba mwanamke mmoja aliwaletea pai hiyo ikiwa ya moto kutoka jikoni mwake, na hakuona aibu yoyote. (Na sisi tunaogombania maini tungeona aibu gani?)

Aibu ililetwa na masikio. Kuna neno jingine la Kiingereza, "humble", yaani mnyenyekevu, lenye asili yake katika Kilatini na lisilo na undugu na matumbo ya kulungu. Kwa kuwa Waingereza wengi huimeza herufi h, maneno hayo mawili yalisikika kama moja. Kufikia karne ya 19 watu walikuwa wakisema kwa mzaha kwamba mtu aliyeshushwa "amekula humble pie".

Leo msemo huo hutumika kwa mtu aliyelazimika kukiri kosa na kuomba radhi, hasa aliyekuwa amejitapa. Magazeti huupenda kwa wanasiasa na makocha wa mpira. Tusiuchanganye na kula matapishi: huyo hurudia alichokikataa, bali huyu hukiri mbele ya wale wale aliowatambia. Tena una kejeli ndani yake, kwa hiyo usimwambie mkubwa wako usoni. Wala haufanyi kazi ya kuomba radhi. Ukisema tu kwamba umekula humble pie, uliyemkosea bado anasubiri.

Charles Dickens aliliona hilo. Katika riwaya yake *David Copperfield*, iliyokamilika mwaka 1850, yumo karani Uriah Heep, ambaye hujisifu kwa unyenyekevu na hata kuitaja pai hiyo, kumbe anapanga kumnyang'anya tajiri wake mali. Nyumbani pia tunamjua mtu wa "haya basi, nisameheni, mimi ndiye mbaya siku zote". Huyo hajala kitu.

Tulimwuliza mwenzetu alifanyaje. Alisema alimwita binti jikoni, akaketi kwenye kigoda ili macho yao yakutane, akamwonyesha noti. "Mwanangu, nilikuwa nayo mimi. Nilikusingizia. Nisamehe."

Mtoto alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama kiporo cha jana bado kipo.