Kisanduku Chenye Taa Nyekundu

Saa nne usiku, mpira umefika dakika ya 80, runinga inazimika. Ukutani, kisanduku kisichozidi kiganja, kontrola ya chaji ya sola, kimewasha taa nyekundu. Mwenye nyumba hana muda nacho: anachomoa nyaya za runinga kwenye kontrola na kuzibana moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Picha inarudi, vijana wanashangilia. Anayeumia ni betri.

Betri ya maji ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama volti 12.7 kwenye mita. Ikisoma 12.1 hivi, nusu ya chaji imekwenda. Kontrola nyingi hukata umeme betri inapokaribia volti 11, na haziurudishi mpaka jua liipandishe tena hadi 12.5 na ushee. Sababu iko ndani ya betri yenyewe. Kila inapotoa umeme, sahani zake za risasi hufunikwa na salfeti. Ikichajiwa mapema, salfeti hiyo hurudi kuwa risasi na asidi. Betri ikiachwa tupu siku kadhaa, salfeti huganda ikawa fuwele ngumu, na hapo ndipo mtu husikika akilalamika kwamba betri yake haishiki chaji.

Kenya iliujua ugonjwa huu zamani. Tangu miaka ya 1980 familia nyingi za vijijini zilinunua paneli ndogo madukani na kuziunganisha na betri za gari, mara nyingi bila kontrola. Betri ya gari imeundwa kwa kazi nyingine kabisa: kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha kujazwa upesi. Sahani zake ni nyembamba. Ukiikamua kila usiku haikai.

Mchana hatari hugeuka. Paneli inayoitwa ya volti 12, ikiwa haijaunganishwa na kitu, hutoa volti 21 hivi juani, na betri haina mlango wa kuifungia. Chaji ikisukumwa kupita volti 14.4 au karibu na hapo, maji ya betri huanza kugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Fundi akifungua vifuniko hukuta sahani zimebaki wazi kama mawe ya mto wa kiangazi. Asiwashe kiberiti hapo, haidrojeni hulipuka. Kontrola huiacha betri ifike kiwango hicho cha volti 14.4, kisha huilegezea hadi volti 13.7 hivi. Usiku, kontrola huzuia umeme usirudi kwenye paneli.

Kontrola za bei nafuu, ziitwazo PWM, hukata na kuunga umeme mamia ya mara kwa sekunde. Za MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea, hivyo huvuna zaidi kwenye paneli ileile. Lakini maandishi kwenye boksi si ushahidi: MPPT halisi ina koili ya shaba ndani, nayo huwa nzito mkononi. Nyepesi kama kiberiti kitupu ni ya kutilia shaka.

Na taa nyekundu ikiwaka kila usiku, kontrola haina kosa. Paneli ni ndogo, au imejaa vumbi, au betri imechoka, au majirani wote wameleta simu zao kuchajiwa hapo.