Sare ya Tovuti

Mhariri ameniomba nieleze kazi niliyoishika tangu nitoke hapo shuleni: kutengeneza tovuti, leo Homa Bay, kesho Migori. Nitagusia jambo moja tu, lugha iitwayo CSS.

Tovuti ina maneno yake na ina sura yake: rangi, ukubwa wa herufi, nani akae wapi. Hapo mwanzo viwili hivi vilichanganywa kama githeri. Ukitaka vichwa viwe buluu, unapita ukurasa baada ya ukurasa ukipaka rangi! Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie wa Norwe, aliyekuwa CERN kule Uswisi, alipendekeza sura iandikwe kando. Desemba 1996 toleo la kwanza likapitishwa. Hebu fikiria sare. Mwalimu mkuu hazunguki madarasani na sindano. Hubandika tangazo moja, na shule nzima ikavaa sweta mpya.

Herufi C ya kwanza ina maana ya kuteremka kama maji ya maporomoko, tuseme yale ya Gogo kwenye mto Kuja, Migori. Amri huteremka moja juu ya nyingine. Zikigongana, inayotaja kitu mahususi huishinda ya jumla; zikilingana nguvu, iliyoandikwa mwisho hushika. (Hapa ndipo usingizi wangu hupotelea.)

Mwaka juzi nilipewa fomu ya basari niirekebishe. Kwenye kompyuta ya ofisi ilipendeza kweli kweli. Kwenye simu, kitufe cha kutuma kilikuwa nje ya kioo, upande wa kulia. Mama mmoja muuza omena alimjazia mwanawe fomu yote, akatafuta pa kubonyeza hadi bando ikaisha. Kisa? Upana ulifungwa kwenye pikseli 960, ilhali simu nyingi zina kama 360. Niliandika kwamba kioo kikiwa chembamba, safu zishuke moja chini ya nyingine. Amri za aina hiyo zilipitishwa rasmi mwaka 2012, kwa hiyo hapakuwa na udhuru. Mistari sita tu! Lakini siku ya mwisho ilikuwa imepita, na waliokwama hawakuongezewa muda.

Siku hizi, kabla sijadai malipo, naenda sokoni Homa Bay, namwomba mama yeyote simu yake, hasa yenye kioo kilichopasuka, naifungulia tovuti hapo hapo. Bando ni yangu.