Seli Zinazosubiri Kuambiwa

Mtu akijikwaa kidole cha mguu huumia mara mbili. Kwanza huchomwa na uchungu wa ghafla, mkali kama sindano. Kufumba na kufumbua, hufuata maumivu mazito ya kuunguza, yasiyotaka kuondoka. Jeraha ni moja, ila njia ni mbili. Mishipa ya fahamu, yaani neva, iliyobeba uchungu wa kwanza imevikwa mailini, ganda la mafuta na protini. Ile ya pili haina ganda, na ujumbe wake hutambaa kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde au chini ya hapo. Katika neva nene zenye mailini, ujumbe hupita hata mita 100 kwa sekunde.

Ni nani basi huziambia seli zianze kulitengeneza ganda hilo?

Mwaka 1983, Martin Raff na wenzake wa University College London walieleza kuhusu seli changa walizozitoa katika neva ya jicho la panya. Zikilelewa peke yake maabarani, ziliacha kugawanyika, zikapevuka kabla ya wakati. Miaka mitano baadaye kilichokosekana kikajulikana: PDGF, protini ya ukuaji inayotolewa na seli jirani, astrosaiti. Zikiipata, seli changa hugawanyika hadi mara nane hivi, kisha hugeuka oligodendrosaiti, mafundi wa mailini ya ubongo na uti wa mgongo.

Nani huzisimamisha? Mwaka 1994, Ben Barres, Raff na mwenzao walionyesha kwamba ni homoni ya thairoidi. Ikikosekana, seli huendelea kugawanyika tu, wala hazipevuki.

Nje ya ubongo na uti wa mgongo kazi hiyo ni ya seli za Schwann, na neva yenyewe ndiyo huagiza unene wa ganda kwa protini ya nyuregulini. Watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walilithibitisha hilo mwaka 2004: panya waliozidishiwa nyuregulini katika neva walipata mailini nene, waliopungukiwa wakapata nyembamba.

Kwa mama mjamzito, habari ya homoni ya thairoidi inaanzia jikoni. Tezi ya thairoidi haiwezi kutengeneza homoni yake bila iodini, yale madini joto yanayotajwa kwenye pakiti za chumvi Tanzania. Upungufu wake huonekana shingoni kama rovu, lakini hasara kubwa zaidi imejificha kichwani mwa mtoto, ambako mailini hupungua. Miezi ya mwanzo ya mimba, kabla tezi ya mtoto haijaanza kazi, homoni yote anayotumia hutoka kwa mama yake.