Tokeni zinaisha haraka? Angalia kompyuta
Umenunua tokeni Jumatatu, Alhamisi mita inalia tena. Kabla ya kuilaumu mita, iangalie ile kompyuta ya mezani isiyozimwa. Tuseme, pamoja na skrini, inakula wati 100. Saa 24 kwa siku 30, hizo ni uniti 72. Ukiitumia saa 6 kwa siku na kuizima, ni uniti 18 tu.

Shida si hizo uniti pekee. Nyumba inayotumia uniti chache kwa mwezi inaweza kulipia kila uniti bei ya chini. Kompyuta peke yake inaweza kukutoa hapo, halafu hata taa na pasi zikalipiwa bei ya juu.

Na skrini ikiwa nyeusi, usidanganyike: mashine inaweza kuwa bado iko kazini. Leo usiku zima kila kitu, hadi kwenye soketi.