Hoja ya Seva na Ushahidi Wake

Kila ufikapo wakati wa uchaguzi, simu za watu wa Kashai, mjini Bukoba, na Kamachumu, wilayani Muleba, hupokea picha ya karatasi iliyojaa tarakimu na anwani za mitandao, nayo imeandikwa juu yake kwamba seva fulani imefumaniwa ikinong'onezana na adui. Na kwa kuwa wasomaji wengi hawazifahamu tarakimu hizo, huamini au hukanusha kwa kadiri ya mapenzi yao kwa chama, jambo ambalo si insafu kwa mshitaki wala kwa mshitakiwa.

Anwani ya mtandao hudhihirisha lango lililopitiwa, haimdhihirishi aliyepita. Kampuni za simu aghalabu huwapitisha maelfu ya wateja katika malango machache, hata mvuvi aliye kisiwani Bumbire, wilayani Muleba, akaweza kuonekana yuko Dar es Salaam. Tena kuulizia anwani si kuzungumza: aulizaye pale Kashai nyumba ya fulani iko wapi hajaingia ndani wala hajaonana na mwenyewe. Mwaka 2016 wataalamu huko Marekani waliona kompyuta za benki ya Kirusi, Alfa Bank, zikiulizia mara kwa mara anwani ya seva iliyohusishwa na kampuni ya Donald Trump, na kuulizia huko kulikuwa kweli. Lakini seva ile ilikuwa ya kupelekea matangazo ya hoteli kwa baruapepe, na FBI ilipochunguza haikupata ushahidi wa njia ya siri.

Walakini mfano ulio karibu nasi, na mzito zaidi, ni wa Kenya. Tarehe 9 Agosti 2017, siku moja baada ya kura, mgombea urais Raila Odinga alitangaza kwamba seva za Tume ya Uchaguzi zimeingiliwa kwa utambulisho wa Chris Msando, ofisa wa teknolojia wa Tume aliyeuawa mwishoni mwa Julai, na zikatolewa kurasa za daftari la seva, yaani kumbukumbu ambazo mtambo hujiandikia kila uingiwapo. Tume ikajibu kwamba kurasa zile ni za programu ya Microsoft, ilhali yenyewe ilitumia ya Oracle. Jibu hilo lilistahili kusikilizwa. Ila daftari la asili lilikuwa mikononi mwa Tume, na Mahakama ya Juu ilipoamuru lifunguliwe, Tume haikutii ipasavyo. Ndipo majaji walio wengi, wakiongozwa na David Maraga, walipobatilisha uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba, na baadaye wakaeleza kwamba ukaidi ule haukuwaachia njia ila kukubali kwamba ama mfumo uliingiliwa, ama watumishi wa Tume waliuchezea, ama Tume ilikataa kukiri kuwa upelekaji wa matokeo uliharibika. Naiona hukumu ile kuwa ya haki, maana mwenye daftari ndiye awezaye kuikata shaka.

Huko huko Kenya, mwaka 2022, fomu za matokeo za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani. Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, ikaagiza zilinganishwe na za karatasi, isione tofauti kubwa, na kurasa za daftari zilizoletwa na wadai ikazikataa, baadhi kwa kughushiwa.

Kwetu Tanzania njia hiyo ya mahakama imezibwa, kwa kuwa ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 huizuia mahakama kuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Basi apokeaye picha ile na aulize imeandikwa na mtambo gani, nani mwingine ameliona daftari la asili, na hesabu yake inakinzana na fomu ipi ya kituo kipi, cha Bukoba Mjini au cha Muleba Kaskazini. Na akikosa jibu la swali hili la mwisho, asiisambaze.