Kuyaona Maji Kabla Hayajafika

Sisi watu wa Unyambwa tu mbali na bahari, tena nchi yetu imeinuka kadiri ya mita 1,500 juu yake. Walakini twalijua ziwa la Singidani: mvua zikizidi, maji yake husogea mbele, zikipungua, hurudi nyuma. Bahari nayo hujaa na kupwa kila siku. Lakini zaidi ya hayo, tangu mwaka 1901 hadi 2018 kimo chake duniani kilipanda sentimita 20 hivi. Sababu kubwa ni mbili: maji yakipata joto hutanuka, na barafu iliyo juu ya nchi kavu huyeyuka na kuingia baharini.

Basi ukimwambia mvuvi, "Bahari itapanda nusu mita," atakusikia, ila hatajua kama maji yatafika kisimani au mlangoni pake. Hesabu haina sura. Kwa hiyo wataalamu wametafuta njia ya kuwaonyesha watu maji kabla hayajafika.

Nanyi mwaweza kuijaribu njia hiyo. Twaa karai, ufinyange ndani yake nchi ya udongo yenye kilima na bonde. Simika vijiti viwe nyumba. Mimina maji polepole, na kila yapandapo kimo cha kidole kimoja, chora mstari ukingoni mwake. Utaona ya kuwa maji hayatafuti nyumba iliyo karibu, bali hutafuta iliyo chini.

Wataalamu hufanya vivyo hivyo, ila nchi yao ni picha ndani ya kompyuta. Kwanza huipima nchi yenyewe. Huko Zanzibar, tangu mwaka 2016, vijana wa visiwani walirusha ndege ndogo zisizo na rubani, wakapiga picha za Unguja na Pemba ili kutengeneza ramani. Kisha maji hupandishwa katika picha. Mwaka 2015, huko Marin, California, katika Marekani, viliwekwa vyombo mfano wa darubini kando ya njia ya watu. Aliyechungulia aliona mahali pale pale aliposimama pamefunikwa na maji.

Lakini kamera haijui mambo yote. Mwaka 2015 huko Dar es Salaam ulianza mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo walitembea pamoja na wenyeji katika kata zinazofurika, wakaandika mifereji, wakauliza maji yalifika wapi. Mafuriko yale ni ya mvua na mito, si ya bahari. Walakini funzo ni moja. Mwenyeji hukumbuka alama ya maji ukutani, ambayo ndege haioni.

Picha iliyofanywa pasipo wenyeji huwatisha tu. Iliyofanywa pamoja nao huwapa la kushauriana: mikoko ipandwe wapi, ukuta ujengwe wapi, nani ahame, naye ahamie wapi. Maneno hayo yafaa kusemwa mapema, wakati nyumba zingali kavu.